Kitalu cha Al Hamra

Mbegu ya kitunguu ni nyeusi kama baruti,
ina pembe, haifanani na mwenziwe,
na haina subira.
Hilo sikulijua.
Miaka mitatu nimeifungia ndani ya kopo la poda
alilonipa dada yangu Raya, kule Wete,
mara ya mwisho kuonana.

Mwezi wa kumi, joto lilipolegea mlimani,
nikalima kitalu kando ya ukuta wa udongo,
nikafikicha samadi ya mbuzi hadi ikawa unga,
nikachora mistari kwa kidole
nikamwaga urithi wangu wote.

Siku ya saba, kimya.
Siku ya kumi na nne, magugu tu,
yale yasiyoalikwa popote na hayakosi shughuli.
Mama mkwe akachutama,
akafukua mbegu moja kwa ukucha, akaibana.
Ndani vumbi.
"Kitunguu si tende," alisema. "Hakiwekwi.
Mwaka mmoja, basi."
Sikujibu. Nililifuta kopo kwa upindo wa kanga.
Lilikuwa bado linanukia yeye.

Mbegu mpya nilinunua Nizwa,
Rafiqul wa duka la pembejeo akinipimia kwa kijiko cha chai.
Siku ya sita ikatoka
imejipinda kama sindano ya kushonea magunia,
kichwa bado ardhini,
kama mtu anayetafuta alichoangusha.
Kisha ikanyooka, kila mche
na ganda jeusi nchani, kofia ya kuazima.

Zamu yetu ya falaji ni nusu saa, kila siku ya nane.
Nusu saa! Mimi mtoto wa Pemba,
ambako mvua huingia bila hodi,
niliona haya kwa niaba ya miche.
Nikawa naiba maji ya jikoni,
ndoo asubuhi, ndoo adhuhuri,
ndoo nyingine magharibi, kama dozi.

Alfajiri moja nikakuta kona nzima imelala.
Majani mabichi, shingo zimekuwa uzi,
nikigusa, zinakatika.
Haikukauka. Ilizama
palepale penye nchi kavu, chini ya jabali lisilo na jani.
Kwetu husemwa maji yamezidi unga;
siku zote nilidhani ni habari ya sima.

Nikachota udongo wa kona ile, nikautupa mbali.
Nikang'oa iliyobanana, ingawa ilikuwa mizima,
na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.
Nikanyunyiza mchanga wa bondeni, na jivu kiasi.
Sasa nilitia kidole kwanza, hadi pingili:
kikirudi na unyevu, ninarudi na ndoo yangu.
Maji ni asubuhi tu, jani lipate kukauka
kabla jua halijapita juu ya msikiti.

Ilipofika shibiri ikaanza kulegea,
nikaipunguza kwa mkasi wa kushonea kofia.
Mama mkwe akazikusanya nywele zake
akazitia kwenye mayai, hakunibakishia.

Mwezi wa kumi na mbili mche una unene wa penseli.
Mjukuu wangu Muadh amekuja kutoka Maskati
na viatu vyeupe na maswali.
Tunachambua mizizi kama nywele zenye mafundo.
Anahesabu: mia tatu na kumi na mbili.
Wa kwanza ameusukuma hadi kiwiko cha jani.
"Usiuzike," namwambia. "Uketishe."
Ananitazama, kisha anaufukua,
anauketisha, anaupigapiga begani.

Vitatu vitakavyonenepa nitavirudisha ardhini
mwaka wa pili vitoe maua, vitoe mbegu,
na mbegu hizo nitazigawa zikiwa moto:
kwa Rafiqul, kwa jirani, kwa yeyote anayepita na mfuko.
Kopo la Raya nimelitia vifungo.
Vifungo havina haraka.